Blood wa Masterforce: kwa Kiswahili ni vampaya, mumiani au zimwi?

#1 Baba Wawili

Wakuu, salaam. Niende moja kwa moja.

Wanangu wawili, wa miaka 9 na 6, wamekolea kwenye Transformers, katuni za maroboti yanayojigeuza magari na ndege, zile za zamani za Kijapani. Sasa tuko kwenye Masterforce, ile iliyorushwa Japani 1988 hadi 1989. Kijapani hawajui, na Kiingereza cha mdogo bado ni cha kuokoteza, basi kila usiku wakishalala nakaa naandika Kiswahili cha kupita chini ya picha. Kazi inakwenda. Nimekwama kwa mtu mmoja tu: Blood.

Kwa wasiomjua: upande wa maadui, Destron, kuna majitu matatu yanayovaa maganda ya viumbe wa kutisha. Gilmer ana sura ya kisamaki, ndani yake ni nyambizi. Dauros ana mapembe, ndani ni kifaru cha jeshi. Blood ana sura ya popo, ndani ni ndege ya vita. Bahari, nchi kavu, anga. Wale wawili nimewaita "jitu" na mambo yakapita. Huyu wa tatu kila neno ninalompa linamkataa. Vampaya? Mdogo hajui vampaya ni nini. Nikaweka "mnyonya damu". Mdogo akasimamisha picha, akanigeukia: "Baba, si wote ni chuma? Ananyonya damu ya nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo nina maswali mawili. Nimwite nani? Na vampaya amefikaje kwenye katuni ya watoto ya maroboti makubwa?

#2 Chuma Chakavu

Nimeweka mkeka hapa. Uzi wa aina hii ulikuwa umeadimika.

#3 Fundi Redio

Swali la pili jibu lake ni duka.

Katuni ya Kimarekani ya Transformers iliishia Novemba 1987. Wajapani wakaendelea kivyao: Headmasters 1987, Masterforce 1988, Victory 1989. Lakini midoli ilikuwa ileile, ya kampuni za Takara na Hasbro. Mwaka 1988 zikatoka zile zinazoitwa Pretenders, roboti mwembamba ndani ya ganda la plastiki. Huyo Blood kwa nchi za Magharibi aliuzwa kwa jina la Bomb-Burst, na ganda lake lilichongwa kwa sura ya vampaya kabla mwandishi wa Kijapani hajaandika neno. Gilmer ni Submarauder, Dauros ni Skullgrin. Mwandishi alikabidhiwa vampaya ndani ya boksi, akaambiwa amtafutie kazi.

Na hapo ndipo lilipo jibu la mwanao. Upande wa Magharibi Bomb-Burst alielezwa kama vampaya wa mitambo, ananyonya mafuta ya roboti wenzake. Mwambie kijana: damu yao ni mafuta.

#4 Mwana wa Muttrah

Fundi Redio umenirudisha mbali. Mimi nimekulia Muscat, mama yangu wa Unguja. Hilo ganda nililishika mkononi. Binamu yangu alikuwa nalo. Linafunguka mbele na nyuma kama ganda la karanga, halafu roboti analala ndani mikono imembana ubavuni. Ukilifunga husikika "tak". Sisi tulipenda ganda kuliko roboti. Roboti akapotea, ganda likabaki miaka, tupu, limekaa juu ya televisheni. Bibi yangu alikuwa akilifunika kitambaa kila magharibi. Hakusema kwa nini na sisi hatukuuliza.

Masterforce yenyewe niliiona kwenye dishi, Star TV, ile tafsiri ya Kiingereza iliyofanyiwa Hong Kong. Maneno yalikuwa yanakwenda njia yake na midomo njia yake.

#5 Nyangumi Mzee

Fundi, duka linaeleza 1988. Halielezi 1972.

Katuni ya Mazinger Z ilianza Desemba 1972 na kumalizika Septemba 1974, sehemu 92. Ile ndiyo mama wa roboti kubwa lenye rubani ndani. Tazama wanaomtumikia adui mkuu, Dk. Hell: Baron Ashura, nusu mwanamume nusu mwanamke, aliyeungwa kutokana na maiti mbili zilizokaushwa za watu wa kale wa Mycenae. Halafu Count Brocken, ambaye kwa maoni yangu ni vampaya mtupu: mweupe pee, sare nyeusi, cheo cha kimwinyi. Hapakuwa na ganda la Hasbro wakati huo. Vampaya alishaingia zamani.

#6 Binti Forodhani

Huyo Ashura! Nilikuwa mdogo nikifumba jicho moja ili nimwone mwanamke peke yake, kisha nafumba lingine nimwone mwanamume. Na sauti zilikuwa mbili, waigizaji wawili wanasema maneno yaleyale kwa pamoja. Kilichonitisha ni sauti kuliko uso.

#7 Msafiri wa Harz

Nyangumi Mzee, naomba nikukosoe kwa heshima. Brocken si vampaya. Ni afisa wa Kinazi aliyekatika kichwa vitani, Dk. Hell akamfufua, na kichwa chake anakibeba mkononi au kinaelea pembeni. Hanyonyi kitu chochote. Ukoo wake ni wa wale wapanda farasi wasio na vichwa wa hadithi za Ulaya.

Jina lake ni la mlima. Brocken uko Ujerumani kwenye safu ya Harz, mita 1,141, na Wajerumani tangu zamani wanasema wachawi hukutana kileleni usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei. Naishi mwendo wa saa mbili kutoka hapo. Nimepanda mara moja asubuhi ya ukungu. Jua likatoka mgongoni kwangu na kivuli changu kikatandazwa juu ya ukungu mbele yangu, kirefu kupita nyumba, kichwa kikiwa kimezungukwa na duara la rangi kama upinde wa mvua. Niliinua mkono, lile jitu nalo likainua. Wenyewe wanaita mzuka wa Brocken. Nilisimama pale mpaka ukungu ukaisha.

#8 Chuma Chakavu

#7 hiyo ni roboti kubwa yenyewe kaka. Unainua mkono nalo linainua.

#9 Nyangumi Mzee

Msafiri, nakubali kuhusu kichwa. Lakini usiondoke na hoja yangu yote. Kwa Kijapani Brocken anaitwa *hakushaku*, yaani count. Dracula, yule vampaya wa hadithi za Ulaya, naye kwa Kijapani ni *Dracula hakushaku*. Ni cheo kilekile. Ashura ni *danshaku*, baron. Mtoto wa Kijapani wa 1973 akisikia hakushaku mwenye sare nyeusi, anamfikiria nani?

Tena Japani ilikuwa na mamwinyi wake wa kweli, vyeo vitano vilivyopangwa rasmi 1884, vikafutwa na katiba iliyoanza kutumika 1947. Wazazi wa watoto wale waliwaona watu wa vyeo hivyo kwa macho. Kwa hiyo mimi nasema vampaya wa roboti ni mwinyi wa zamani anayekataa kufa. Anaishi kwenye ngome, anatumia wengine, halafu anakuja kijana wa kawaida na mtambo mpya anambomolea. Hata Masterforce: shujaa wake, Ginrai, ni dereva wa lori.

#10 Mwana wa Muttrah

Nyangumi, hapo umekanyaga pabaya. Shujaa wa Grendizer ni nani? DUKE Fleed. Cheo kinachompita count kwa mbali, tena ni mwana wa mfalme. Kama mwinyi ndiye vampaya, mbona watoto wa Kiarabu wote tulitaka kuwa yeye?

Kwa wasiojua, Grendizer ni ya 1975 hadi 1977, sehemu 74, mtunzi wake ni Go Nagai, huyohuyo wa Mazinger. Ilitiwa Kiarabu Lebanoni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sauti ya Duke Fleed ni Jihad al-Atrash, Kiarabu fasaha kama cha hotuba ya Ijumaa, na wimbo aliimba Sami Clark, aliyefariki 2022. Mwaka huohuo Riyadh wakasimamisha sanamu ya Grendizer ya mita 33.7. Nimekwenda kuiona na mwanangu. Mimi ndiye niliyetokwa na machozi, yeye alikuwa anatafuta aiskrimu.

Na kule adui ana maajabu kuliko vampaya: Gandal uso wake unafunguka katikati na ndani anatoka mkewe, kadogo, anasema.

#11 Binti Forodhani

Lady Gandal!! Nilishamsahau. Sasa sitalala.

#12 Mwanafunzi wa Nihongo

Samahani kuchelewa, nilikuwa kazini. Nasoma Kijapani mwaka wa nne sasa na nadhani mnapita juu ya jambo lililo mbele yenu.

Japani haikuwa na vampaya wake. Walipompokea kutoka Ulaya wakamtengenezea jina kwa alama tatu: 吸血鬼, *kyūketsuki*. Ya kwanza ni kunyonya. Ya pili ni damu. Ya tatu ni *oni*. Oni ni yule jitu mwenye mapembe na rungu wa hadithi za bibi, mla watu, anayetishiwa watoto wasiolala. Sisi tuna neno lake kabisa, ni ZIMWI. Kwa hiyo Mjapani anapoandika vampaya anaandika "zimwi mnyonya damu". Yule kwake si mgeni kamili, amepokelewa nyumbani kwa mazimwi.

Na mazimwi walishakuwa kwenye roboti zamani. Katuni ya Getter Robo G ya 1975: adui ni dola nzima ya hao oni, wote mapembe kichwani. Kwa hiyo Baba Wawili, mimi nakupa zimwi. Blood, Gilmer na Dauros wote watatu waite mazimwi na utakuwa umesema alichosikia mtoto wa Kijapani.

#13 Baba Wawili

Mwanafunzi, asante sana, hili sikulijua. Zimwi linanivuta. Shida yangu: kwa wanangu zimwi ni la hadithi ya bibi, lina jicho moja na linakula watoto waliosahau kitu pwani. Nikilitia ndani ya ndege ya vita watanikubalia?

#14 Mpwani Halisi

Wanajukwaa mnazunguka Ujerumani na Riyadh, neno liko Mombasa. MUMIANI.

Nasema kwa dhati. Bibi yangu alizaliwa Mji wa Kale. Mpaka anazikwa alikuwa hapiti karibu na gari jekundu la zimamoto. Alisimulia hivi, na mikono yake ikiwa inatwanga vitunguu saumu: usiku wanapita watu wa mumiani, wana gari, wana mpira mrefu, wana sindano, wanamshika mtu wa peke yake njiani, wanamtoa damu inakwenda kwenye ndoo, inauzwa iwe dawa. Nairobi na Kampala waliwaita wazimamoto, maana walidhani gari lile jekundu kazi yake ndiyo hiyo. Kuna mwanahistoria, Luise White, aliyechapisha kitabu kizima mwaka 2000 juu ya hadithi hizi, toka Kenya na Uganda mpaka Kongo na Zambia.

Sasa sikilizeni. Vampaya wa Ulaya ana meno, jeneza na joho. Mumiani wetu hana meno. Ana gari, ana mpira, ana sare ya kazi. Wazee wetu walimwona mnyonya damu NDANI YA MTAMBO miaka mingi kabla ya Mjapani. Mtoto wa Baba Wawili anauliza chuma kinanyonyaje damu. Bibi yangu asingeuliza swali hilo hata kidogo.

#15 Chuma Chakavu

Aisee #14. Nimesoma mara mbili.

#16 Mwanafunzi wa Nihongo

Nguvu ya hoja naiona. Lakini mumiani ni mtu, Mpwani. Ni binadamu aliyetumwa, analipwa. Blood ni jitu.

#17 Mwalimu Kamusi

Naomba niingie kwenye neno lenyewe, maana lina safari ndefu kuliko tunavyodhani.

Kwenye kamusi za zamani za Kiswahili, ile ya Johnson ya 1939 ikiwemo, mumiani kwanza ni *dawa*: kitu cheusi mfano wa sandarusi, cha kupaka au kuyeyushwa kwenye samli na kunywewa, kwa mifupa iliyovunjika na maumivu. Inasemekana chatoka Uajemi. Halafu kamusi inaongeza kwamba watu wengi wanaamini ni damu ya binadamu iliyokaushwa. Maana ya mtu anayetafuta damu ikafuata hapo.

Kiajemi *mum* ni nta. Kutokana nayo likaja *mumiya*, lami ile ya dawa. Wazungu wakalichukua neno, wakaliweka kwa maiti zilizokaushwa za Misri kwa sababu zilionekana zimepakwa lami, kisha kwa karne kadhaa wakawa wanasaga maiti hizo na kuzinywa kama dawa. Kwa hiyo mumiani yetu na *mummy* ya Kiingereza ni ndugu wa tumbo moja.

Sasa rudini kwa Ashura wa #5 na #6. Ametengenezwa na nini? Maiti zilizokaushwa. Mpwani, kama kuna mtu kwenye katuni hizi anayestahili jina mumiani kwa haki ya ukoo, ni Ashura. Blood hahusiki.

#18 Mpwani Halisi

Mwalimu umenipa kwa mkono mmoja ukaninyang'anya kwa mwingine. Ashura nampokea. Blood sijamwachia.

#19 Wa Lubumbashi

Jambo kwenu bote. Miye niko wa Lubumbashi. Huku kwetu bazee habakusema mumiani, balisema *mutumbula*, bengi *batumbula*. Kutumbula ni kupasua. Baba yangu alikuwa anatukataza kutembea busiku sababu ya ile jina. Ile maneno ya Mpwani ni ya kweli, huku pia ilikuwa hadithi ya gari na ya bazungu ba kampuni, haikuwa ya meno. Mutie "mutumbula" na batoto ba Katanga batasikia baridi.

#20 Binti Forodhani

Kuna mtu ataleta popobawa hapa, naona anakuja. Mimi wa Pemba upande wa baba, naomba asiletwe. Mwaka 1995 nilikuwa mtoto, watu walilala nje uwanjani kwa wiki, mkeka kwa mkeka, mama ananishika mkono usiku kucha. Ana bawa la popo kweli, lakini hanyonyi damu, na si wa katuni.

#21 Chuma Chakavu

Binti, nilikuwa naandika. Nimefuta. Pole.

#22 Ticha wa Bayolojia

Na hao popo wenyewe waachwe huru. Popo wanaokunywa damu ni aina tatu tu duniani na wote wako Amerika, toka Meksiko mpaka Ajentina. Afrika hawapo, Japani hawapo, na Ulaya ya Dracula hawapo. Hadithi za vampaya ni za zamani kuliko Wazungu kuwajua popo hao. Popo ndiye aliyepewa jina la vampaya, halafu kitabu cha Bram Stoker cha 1897, *Dracula*, kikawafunga pamoja moja kwa moja. Kwa hiyo sura ya popo kwenye ganda la Blood imetoka London kupitia sinema.

#23 Fundi Redio

Sinema ndiyo. Hapo Ticha umeniongezea. Toho, kampuni ya Godzilla, ilitengeneza sinema tatu za vampaya 1970, 1971 na 1974, baada ya zile za Kiingereza kupendwa Japani. Mazinger inaanza 1972 katikati yake. Go Nagai mwaka huohuo alikuwa pia na Devilman. Mkono mmoja unachora shetani mchana na roboti jioni, wino lazima uchanganyike.

Lakini nabaki palepale kwa Blood: duka.

#24 Mama Kaseti

Nimesoma uzi wote toka juu, na naona hakuna aliyegusa upande wa mtoto anayetazama. Mimi nilikuwa na maktaba ya kaseti za video miaka ya tisini, nawajua watazamaji wangu.

Katuni ya watoto haiwezi kuonyesha damu. Ndiyo sababu vampaya wa watoto lazima apewe kitu kingine anywe. Wajapani walifanya hivyo mapema: Kaibutsu-kun, iliyorushwa kwanza 1968, ina Dracula mzima ndani yake, naye anakunywa juisi ya nyanya! Watoto wanacheka, hofu inabaki kidogo pembeni kama chumvi. Ukimtia kwenye roboti umepata njia rahisi zaidi, maana chuma hakina damu. Anakunywa nguvu, anakunywa mafuta. Anaweza kumwua mtu mbele ya mtoto wa miaka sita na mama asizime televisheni.

Kwa hiyo Baba Wawili, swali la mwanao ndilo sababu yenyewe. Vampaya yuko kwenye roboti KWA SABABU hakuna damu ya kunyonya.

#25 Nyangumi Mzee

Mama Kaseti, hii ni nzito. Bado siachi mamwinyi wangu lakini hii ni nzito.

#26 Mpwani Halisi

Mama, naheshimu. Ila angalia: kwako chuma kinaondoa hofu. Kwa bibi yangu chuma ndicho kilicholeta hofu. Mtoto anayekua na hadithi za mumiani hatulii akiambiwa "huyu ni mashine tu".

#27 Mama Kaseti

Mpwani mwanangu, ndiyo maana sitaki neno hilo kwenye katuni. Uvumi wa mumiani umeua watu. Mgeni anapita kijijini na begi, mtu mmoja anapiga kelele, basi. Nimeona kwa macho mtu wa kupima viwanja akikimbizwa kwa mawe, akaokolewa na mzee mmoja aliyemwingiza ndani na kukaa mlangoni. Alikuwa na kamba ya kupimia na miwani, hana kingine. Neno ambalo bado lina makali hivyo usimpe mtoto wa miaka sita alichezee.

#28 Mpwani Halisi

Hilo sina la kukujibu, Mama. Nalifikiria.

#29 Msafiri wa Harz

Nirudi kidogo. Kuna mmoja wa Mazinger hamjamtaja, Viscount Pygman: mbilikimo aliyepachikwa juu ya mwili wa jitu. Dracula ni mtu wa kubuni, Brocken ni mlima. Lakini mbilikimo ni watu walio hai, wana vijiji na watoto. Walichukua kila kitu kilichoonekana cha ajabu kwa macho ya mbali, maiti ya kale, Mnazi, mtu wa msituni, wakavitia kwenye chungu kimoja. Napenda Mazinger tangu utotoni, na hapo pananiuma kila nikirudia kuitazama. Maelezo yangu ya vampaya ni hayohayo: alichukuliwa kwa sababu alikuwa wa mbali, kama alivyochukuliwa mbilikimo.

#30 Wa Lubumbashi

#29 asante kusema. Huku kwetu bale ni bantu tunaishi nabo.

#31 Mwana wa Muttrah

Nami naunga mkono #29 kwa sehemu. Lakini wa mbali kwa nani? Mimi nimemwona Dracula kwanza kwa Kijapani, Mnazi kwanza kwa Kijapani, na roboti kwa Kiarabu cha Lebanoni, nyumba inayosema Kiswahili. Kwangu vyote vilikuwa vya nyumbani. Jana nimempigia binamu nikamuuliza lile ganda liko wapi. Anasema mama yake alilitoa wakati wa kuhama, alilizungushia gazeti kwanza. Hata kulitupa alilifunika.

#32 Baba Wawili

Wakuu, nimesoma kila bandiko, mengine nimemsomea mkubwa. Mama Kaseti, mumiani sitaweka, sababu yako imenitosha. Mwalimu Kamusi, Ashura nikifika Mazinger nitakuja kukuomba ushauri.

Leo nimejaribu ya Mwanafunzi. Nimeandika "zimwi popo". Blood akatokea, mdogo akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, "zi-mwi po-po", akanyamaza. Nikamweleza ya Fundi na Mama Kaseti, kwamba anakunywa mafuta ya wenzake. Akafikiri, akauliza: "Sasa wenzake wakikaukiwa wanakuwa nini?"

Kabla sijajibu mkubwa akadakia: "Mumiani." Nikashtuka, maana neno hilo sijampa. Kumbe alikuwa amesoma uzi mwenyewe kwenye simu yangu mpaka #17, akaelewa ni maiti iliyokauka.

#33 Mpwani Halisi

Huyo kijana mlete Mombasa.

#34 Mwalimu Kamusi

Na amelitumia kwa maana ya ndugu yake *mummy*, hatua moja tu kutoka lami ile! Mwandikie daftari.

#35 Mwanafunzi wa Nihongo

Baba Wawili, nakuomba jambo moja: Gilmer na Dauros nao uwabadilishe kutoka "jitu" kuwa "zimwi", la sivyo Blood atakuwa peke yake na ile oni itapotea.

#36 Baba Wawili

Nitarudia toka sehemu ya kwanza wiki hii. Ila mdogo ana pingamizi. Anasema popo wa kwenye mwembe wetu hana meno kama ya Blood, kwa hiyo nimekosea.

#37 Ticha wa Bayolojia

Mwambie anayo, na makali tu. Embe zikiiva amulike na tochi saa mbili usiku, amtazame anavyong'ata akining'inia kwa mguu mmoja. Asimsogelee.